Kipande cha Nane

Sokwe hawahesabiki kwa macho. Ukimwambia mgeni hivyo atacheka, lakini simama wewe kwenye mlango wa banda saa kumi na moja jioni, wanane wanaingia, mmoja anamkanyaga mwenzake kichwani, mwingine anarudi nje kufuata kijiti alichokisahau, halafu uniambie umeona wangapi. Ndiyo maana sisi hatukuhesabu vichwa. Tulihesabu mapapai.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nachukua mapapai manne, nakata kila moja katikati, napata vipande vinane, naviweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Nasimama kwenye ujia, upande wetu wa nondo. Kila anayeingia anapewa kipande chake mkononi, anakwenda nacho ndani. Ndoo ikiwa tupu, wote wameingia, na msimamizi anavuta mlango wa chuma na kupiga kufuli. Njia hiyo niliikuta pale. Haikuwahi kukosea, kwa sababu sokwe anaweza kukosa adabu lakini hakosi papai.

Msimamizi tulimwita Bwana Funguo, yeye mwenyewe akiwa hayupo. Funguo zake zilining'inia kiunoni, kishada kizima, ukazisikia kabla hujamwona. Mimi waliniita Kimya, na hilo waliniita nikiwepo. Aliyenipa jina ni mlinzi wa usiku, mzee mmoja mwembamba aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda sukari.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alikuwa akiniambia kila tukipishana asubuhi getini, yeye akitoka, mimi nikiingia. "Mwaka wa tatu huu nausubiri huo mshindo, mjukuu wangu. Ukikaribia uniambie nizibe masikio."

Nilikuwa nacheka na kuinamisha kichwa. Kumjibu sikuweza. Maneno yangu huwa yanafika kooni yakageuka.

Mkubwa wa wale sokwe kwa umri alikuwa Bibi. Kidevu chake kilikuwa na mvi, na vidole vyake vilikuwa vimepinda. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa ameishi kwenye nyumba ya watafiti waliomfundisha namba. Kwetu alifuatwa na dada mmoja mtafiti, ambaye sote tulimwita Mwalimu ingawa mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu. Kila jioni, sokwe wakishaingia, Mwalimu alisukuma kigari chenye skrini mpaka kwenye nondo za chumba cha Bibi. Juu ya skrini zilitokea nukta, na chini yake zilikaa tarakimu, sifuri mpaka tisa. Nukta zikiwa nne, Bibi anagusa nne, anapewa karanga. Akikosea, skrini inazimika kidogo, hapati kitu. Maswali kumi, kisha Mwalimu anaandika kwenye daftari lake.

Mimi nilikuwa nafagia ujia wakati huo. Nilifagia polepole kuliko ilivyohitajika.

Kilichonishangaza ni sifuri. Skrini ilileta mraba mtupu usio na nukta hata moja, na Bibi, bila kusita, akagusa sifuri. Mimi niliacha shule darasa la tano. Siku zangu za mwisho mwalimu wa hesabu alinisimamisha ubaoni na hesabu ya kugawanya iliyokuwa na sifuri katikati, nikasimama na chaki mkononi mpaka kengele ikalia, darasa zima likicheka mgongoni kwangu. Wiki iliyofuata mama akaugua, nikabaki nyumbani kumuuguza. Alipofariki shangazi yangu akanichukua, na hakuna aliyeuliza tena habari za shule. Mimi pia sikuuliza.

"Sogea uone vizuri, mdogo wangu," Mwalimu aliniambia siku moja. "Kutaja namba na kuijua namba ni vitu viwili. Kasuku anaweza kutaja tatu. Lakini weka vitu vitatu mbele yake, umfichie kimoja, uone kama atakitafuta. Bibi anakitafuta. Kujua kwamba kimepungua, hapo ndipo hesabu inapoanzia."

Nilitikisa kichwa kukubali. Neno hilo nilikwenda nalo nyumbani.

Mdogo wa wote aliitwa Kifuniko. Aliletwa ndani ya sanduku, yatima, mwepesi kama kuku, na Bibi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akapata nguvu. Jina lake lilitokana na wizi. Kila jioni aliingia wa mwisho, akapokea papai kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akanyakua kifuniko cha ndoo yangu, akakivaa kichwani kama kofia. Nilikuwa nambembeleza mpaka anirudishie. Bwana Funguo alisema namlea vibaya.

Siku ile wingu lilikaa juu ya uzio tangu mchana. Nilipokata papai la nne nilikuta upande mmoja umeoza ndani, mweusi, una funza. Nikautupa kwenye karai la maganda. Nilikusudia kwenda ghalani kuchukua papai jingine, kisu kingali mkononi, ndipo Bwana Funguo akagonga nondo kwa funguo zake.

"Kimya! Mvua haingoji mapishi yako! Lete ndoo!"

Nikaweka kisu, nikachukua ndoo. Ndani yake mlikuwa na vipande saba. Kichwani mwangu vilikuwa vinane.

Radi ilipiga, wakaingia kwa mkupuo. Nyuso sikuziona, niliona mikono tu. Mkono, kipande. Mkono, kipande. Nikafika chini ya ndoo.

"Tupu?" Bwana Funguo akauliza.

"Tupu, Bosi."

Nikaweka kifuniko juu ya ndoo, kikakaa. Hakuna aliyekinyakua. Niliuona wepesi wa jambo hilo. Sababu yake sikuiona.

Bibi alikuwa ameshapokea kipande chake, lakini chumbani hakwenda. Alirudi akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwetu, uso nje, papai mkononi bila kuliuma. Matone makubwa yalianza kupiga bati.

"Bibi, ndani!" Bwana Funguo akasema. "Au unataka nikufungulie mwavuli?"

Bibi hakugeuka. Nikahisi kitu, kama mtu anapotoka nyumbani na kujua ameacha kitu asijue ni kipi.

"Labda..." nikasema.

"Labda nini?"

Aliniangalia. Mvua ilikuwa inamrushia maji mgongoni, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango.

"Hapana, Bosi. Hakuna kitu."

Akausukuma mlango polepole mpaka Bibi akalazimika kuvuta miguu yake ndani. Kufuli likalia.

Mwalimu alikuja na kigari chake akiwa amelowa mabega. Zikatokea nukta tatu, Bibi akagusa saba. Skrini ikazimika. Zikatokea tano, akagusa saba. Mbili, saba. Tisa, saba. Hakuwa akiangalia nukta. Aliinua kidole kilichopinda, akagusa mahali palepale, akageuza uso kuelekea mlangoni. Kati ya maswali kumi alipata moja, na hilo moja lilikuwa la nukta saba.

"Leo amegoma," Mwalimu akasema. "Mama wa watu amechoka." Akaandika, akafunga daftari. Mimi nikachukua ndoo na kifuniko chake, nikaenda jikoni kuviosha.

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri.

Asubuhi mlinzi hakuwa getini. Nilimkuta nyuma ya uwanja wa sokwe, kwenye mtaro unaopita ndani ya uzio. Siku za kawaida maji ya mtaro ule hayafiki magotini. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani na hakuwa na viatu. Mbele yake, juu ya gunia, alilala Kifuniko. Sokwe hajui kuogelea. Akiingia kwenye maji ya kumpita kimo anazama kama jiwe. Chini ya daraja dogo la mtaro palikuwa na nafasi kavu, na nadhani alikwenda kujikinga mvua pale, maji yakamkuta.

"Nimemwona kulipopambazuka," mlinzi akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Nilidhani ni tambara."

Bwana Funguo alifika, akavua kofia, akasimama. Kisha akaanza kufikiri, nikamwona anavyofikiri, maana midomo yake ilikuwa inacheza.

"Jana waliingia wanane," akasema. "Ndoo ilikuwa tupu. Kimya alikuwepo." Akamgeukia mlinzi. "Ufunguo wa pili uko kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi huyu ametokaje nje?"

Mzee aliinama, akashika ncha ya gunia.

Mwaka juzi, wakati wa joto kali, mlinzi aliwahi kuwafungulia mlango usiku wapate hewa. Walimwonya kwa barua. Sasa watu waliunganisha mambo: amefungua tena, amesinzia, Kifuniko katoka, mzee kaamka na kufunga bila kuangalia. Kila kitu kiliingia mahali pake. Alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu, na anayefukuzwa huondoka mikono mitupu.

Nilikwenda jikoni kuanza kazi, kwa kuwa sikujua niende wapi. Karai la maganda lilikuwa bado halijamwagwa. Juu kabisa ilikaa ile nusu ya papai, nyeusi, na sisimizi wameizingira. Nikaihesabu. Ilikuwa moja. Nikakaa chini sakafuni.

Jioni ile shangazi alikuwa anapiga pasi. Anafua na kupiga pasi nguo za watu, na hasemi huku pasi ikiwa juu ya kitambaa. Nilimsimulia yote nikiangalia miguu yangu. Aliweka pasi kando.

"Nani mwingine aliyeiona hiyo nusu?"

"Hakuna. Nimemwaga maganda."

"Kwa hiyo ukinyamaza, imekwisha."

"Imekwisha kwangu, shangazi. Kwa babu mlinzi haijaisha."

"Watakufukuza."

"Najua."

"Na kazi nyingine huna, na cheti huna, na mdomo wa kuombea kazi pia huna." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo. Alikuwa anasema neno moja kwa mwaka, lakini hilo moja hulirudishi." Akachukua pasi. "Kalale. Kesho uvae ile blauzi ya kijani, nimeinyoosha."

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, ofisini kwa Mkuu wa makao yale ya sokwe, mama mwenye miwani ya kamba. Tulikaa watano: yeye, Bwana Funguo, mlinzi, Mwalimu na mimi. Mezani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba jioni ile sokwe wanane waliingia na mlango ukafungwa. Bwana Funguo alikuwa ameshatia sahihi. Chini ya sahihi yake palikuwa na mstari wangu, mtupu.

"Mzee, ulifungua mlango?" Mkuu akauliza.

"Sikufungua."

"Mwaka juzi ulifungua."

"Mwaka juzi kulikuwa na joto la kuivisha yai mfukoni. Nilionywa, nikaonyeka."

"Uliwahesabu usiku?"

"Mama, mimi nahesabu makufuli. Jioni yalikuwa manne, alfajiri yalikuwa manne. Wale wanajifukia kwenye majani makavu kama viazi kwenye gunia, ukimulika tochi unaona gunia tu. Nimhesabu nani?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mwalimu aliinua mkono kidogo, kama mtoto. "Mimi nina kitu, ila sijui kama kinafaa." Akaweka daftari mezani na kuwaonyesha ukurasa wa jioni ile, saba juu ya saba, kumi nzima. "Bibi aliona walioingia. Kama waliingia saba..."

Mkuu akavua miwani. "Unaniambia sokwe ametoa ushahidi?"

Mwalimu aliangalia ukurasa wake. Niliona jinsi alivyotaka kusema ndiyo. "Hapana," akasema. "Siwezi kusema hivyo. Sokwe akichoka anaweza kung'ang'ania alama moja. Mwaka jana aling'ang'ania mbili siku tatu mfululizo, na sababu hatukuijua. Nataka sana iwe hivyo. Ndiyo maana siwezi kuliandika." Akavuta daftari lake.

"Basi tunabaki na ndoo," Mkuu akasema, akanisogezea karatasi na kalamu.

Mlinzi alikuwa anaangalia dirishani. Alikuwa amevaa shati jeupe la kutokea, kifungo cha shingoni kimefungwa.

"Vilikuwa saba," nikasema.

"Nini? Sema kwa sauti, binti."

"Vipande. Vilikuwa saba." Nikaikalia mikono yangu. "Kimoja kilikuwa kimeoza, nikakitupa. Nilitaka kwenda kuchukua kingine, nikaitwa, nikasahau. Ndoo ilikuwa tupu kwa sababu yangu, si kwa sababu wameingia wote. Babu hakufungua mlango. Kifuniko hakuwahi kuingia."

"Lakini ulikata mapapai manne!" Bwana Funguo akasema. "Nilikuona kwa macho yangu!"

"Manne, kila moja mara mbili, ni nane. Toa moja, Bosi."

Sikuwahi kabla ya hapo kutoa hesabu mbele za watu na ikawa sahihi. Ilikuwa sahihi, na mtoto alikuwa amekufa. Nililia palepale, mbele ya watu wanne, bila kuinamisha kichwa.

"Kwa nini hukusema siku ileile?" Mkuu akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Wakati wa kufunga sikujua. Niliona Bibi amekaa mlangoni, nikaanza kusema, nikaacha. Asubuhi ndipo nilipoiona ile nusu, nikaogopa."

Funguo zikalia. Bwana Funguo alikuwa amezishika mkononi, anazigeuza moja moja.

"Alisema labda," akasema bila kuniangalia. "Mlangoni pale. Alisema labda, mama, mimi nikamkaripia kwa macho. Mvua ilikuwa inaninyeshea mgongoni. Sikumngoja amalize." Akaichukua ile karatasi yenye sahihi yake, akaipasua mara mbili.

Kwa mara ya kwanza mlinzi hakunitania. Tulipotoka alisimama kando yangu kwenye ngazi, akafungua kifungo cha shingoni, akavuta pumzi. "Ahsante, mjukuu," akasema, akaondoka. Baadaye alikuja jikoni na kuniomba kile kifuniko cha ndoo. Walikuwa wamechimba shimo nyuma ya ghala. Nikampa.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho, na mwezi mzima wa kuosha sakafu bila kugusa ndoo ya mapapai. Bwana Funguo naye alipewa yake. Na njia ya mapapai ikabadilishwa: sasa mgawaji lazima ahesabu kwa sauti kila anapotoa kipande, msimamizi aite jina la anayeingia, na majina yapigwe alama kwenye daftari kabla mlango haujafungwa.

Kuhusu Bibi, Mwalimu aliniambia habari zake nikiwa na ndoo ya deki. Kuanzia siku ya pili alirudi kwenye hesabu yake. Tisa kati ya kumi, kumi kati ya kumi. Saba akaigusa pale tu palipokuwa na nukta saba.

"Kwenye skrini hana kosa," akasema. "Lakini pale mlangoni bado anakaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Anamngoja?"

"Sijui, mdogo wangu. Ninaandika dakika anazokaa tu."

Mwezi ulipokwisha nilirudishiwa ndoo. Nilikata mapapai manne, nikaweka nusu moja kando, juu ya meza, mahali pa kuonekana. Nikavihesabu vya ndani mara tatu. Nilipofika kwenye ujia, Bwana Funguo alikuwa na daftari na kalamu, na mlinzi, aliyekuwa amewahi kazini kabla ya zamu yake, alikuwa amejisimamisha nyuma kabisa kana kwamba ametumwa kuangalia bati.

Mlango ukafunguliwa.

"Moja," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Jabali," Bwana Funguo akaitikia, akapiga alama.

"Mbili."

Tukaenda hivyo. Bibi alikuwa wa tano. Alipokea kipande, akanisogezea uso karibu na nondo, akaninusa vidole, kisha akageuka na kurudi kwenye kizingiti. Akakaa. Wawili wa mwisho wakampita ubavuni.

"Saba," nikasema. Nikaiinamisha ndoo ionekane. "Tupu. Na wako saba."

Bwana Funguo alipiga alama ya mwisho, akafunga daftari. Mlango hakuusogelea. Alikishika kishada cha funguo kwa kiganja chote, akakibana kwenye paja lake kisilie, akaegemea ukuta.

Nje jua lilikuwa linashuka juu ya uwanja. Majani yalikuwa makavu na mtaro ulikuwa na maji kidogo. Bibi aliangalia upande wa daraja dogo, kisha upande wa miti, kisha upande wa daraja tena. Papai lilikuwa mkononi mwake. Mlinzi alikohoa, akaficha kikohozi kwenye mkono wa koti. Hakuna aliyemwambia Bibi aingie.

Tulisimama hivyo mpaka kivuli cha uzio kikafika kizingitini. Ndipo akauma papai lake mara moja, akajiinua kwa mikono, akapita mbele yetu kwenda chumbani kwake. Bwana Funguo akaniangalia.

Nikamjibu, "Sasa."

Akavuta mlango.